Mgeni Akipanda Wundanyi, Atakula Nini na Ataona Nini?

Mazungumzo kwa wenye mikahawa, wahudumu wa bodaboda na vijana wanaotembeza wageni



Mgeni anayeshuka treni pale Voi huwa na jambo moja kichwani: Tsavo. Hana lawama. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi zina zaidi ya kilomita mraba 20,000, na ndovu wake waliojipaka vumbi jekundu wanajulikana dunia nzima. Lakini kilomita 40 hivi kutoka Voi, baada ya Mwatate, barabara inajipinda na kupanda, na mtu aliyekuwa akitokwa na jasho anaanza kutafuta sweta. Wengi hawafiki huko. Anayefika naye, asipopata wa kumwelekeza, hunywa soda moja, hupiga picha mbili za mawe na kushuka kabla ya saa nane mchana. Pesa alizokusudia kutumia zinashuka naye.

Kwanza chakula, maana mwenye njaa haoni mandhari. Chapati kwa maharagwe, wali, sima na nyama ya kukaanga vinapatikana bila shida, na ni vizuri. Ila mgeni alikula hivyo hivyo Voi, na kabla ya hapo Mtito Andei. Asichokipata huko ni kimanga: maharagwe yaliyochemshwa na kupondwa pamoja na muhogo, ndizi mbichi au viazi vitamu hadi yakashikana. Ni chakula cha mkulima anayepanda mteremko siku nzima. Ajabu ni kwamba hupikwa majumbani na kwenye sherehe, lakini ni nadra kukiona kwenye ubao wa hoteli, kana kwamba ni cha kuonewa haya.

Mwenye mkahawa huogopa kitabaki, na hofu hiyo ina msingi. Sufuria isiyoliwa ni hasara ya kuni na maharagwe. Basi kipikwe siku za soko, ambapo hata wenyeji watakinunua, na siku nyingine kipikwe kwa kuagizwa kwa simu tangu jana yake. Bei iandikwe ubaoni, ile ile kwa mwenyeji na kwa mgeni. Aliyetozwa bei ya sura yake harudi, na huwaambia wenzake. Tena, milima hii hulisha Mombasa kwa mboga. Ni aibu mgeni kuuziwa juisi ya pakiti mahali palipo na ndizi na parachichi.

Leseni za wauza chakula ni kazi ya kaunti, na utalii wa mahali pia, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Mpishi ambaye cheti chake cha afya kimeisha aende ofisi ya afya ya umma sasa, asingoje siku ya msako.

Akishashiba, kuna ya kuona. Kilele cha Vuria kina urefu wa zaidi ya mita 2,200, na asubuhi anga likiwa safi Kilimanjaro huonekana. Saa tano ukungu ukishapanda, ni minara ya mawasiliano tu. Kwa hiyo anayetaka Vuria alale mjini, na hilo pekee ni biashara ya chumba, chajio na chai ya alfajiri.

Msitu wa Ngangao ni hazina ya namna nyingine. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Misitu ya asili iliyosalia ni vipande vidogo, na Ngangao wenyewe ni kama hekta 120 tu. Humo anaishi ndege anayeitwa kitaalamu Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya machungwa, ambaye hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Wako watu wanaovuka bahari na darubini shingoni ili wamwone mara moja. Kijana anayeijua sauti yake ana kazi, mradi msitu ubaki. Mti wa asili ukikatwa kwa ajili ya makaa, kazi hiyo imekatwa pia.

Yapo pia mapango ya mafuvu, na hapa inafaa kwenda polepole. Zamani Wataita walifukua fuvu la mzee aliyekwisha kuzikwa na kuliweka pangoni pamoja na ya waliomtangulia. Hayo ni makaburi ya koo, na wajukuu zao bado wapo. Mgeni asipelekwe huko kabla ya wazee wa ukoo kuulizwa. Wakikataa, basi. Wakikubali, mmoja wao aandamane na mgeni na aeleze mwenyewe, naye alipwe kwa kazi hiyo. Fuvu halishikwi, halisogezwi ili picha itoke vizuri.

Nauli ya bodaboda hadi Ngangao ikubaliwe kabla ya kuwasha pikipiki, kwenda na kurudi. Na mgeni aulizwe mapema kama analala au anashuka, kwa sababu matatu ya mwisho kwenda Voi haimngoji mtu aliyeko msituni.