Alianguka au Aliangushwa? Lugha ya Tetesi Kuhusu Vifo vya Nyumbani Jijini Dar es Salaam



1. Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni vifo vinavyotokea ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, na maneno yanayosemwa nje ya nyumba hiyo kabla mahakama haijasema lolote. Mimi si mwanasheria wala mpelelezi. Nimesoma sarufi ya Kiswahili, na hoja yangu ni ya kisarufi: lugha yetu ina vipashio vya kutenganisha anachokijua msemaji na anachokikisia, na tetesi husafiri kwa kuvidondosha vipashio hivyo kimoja baada ya kingine. Vikishadondoka, aliyetuhumiwa huwa amekwisha kuhukumiwa.

Mfano wangu mkuu ni kifo cha mwigizaji Steven Kanumba. Nimeuchagua kwa sababu kesi yake imekwisha kusikilizwa na kuamuliwa, na wahusika wake ni watu waliojulikana na umma.

2. Tukio na kesi

Kanumba alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012 nyumbani kwake Sinza, eneo ambalo wakati ule lilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni na leo limo katika Wilaya ya Ubungo. Aliyekuwa naye chumbani alikuwa mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu. Ilielezwa kwamba kulikuwa na ugomvi uliotokana na simu. Uchunguzi wa madaktari wa Muhimbili ulitaja mtikisiko wa ubongo. Mwezi huohuo msichana huyo alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa shtaka la mauaji. Hati ya mashtaka ikimtaja kuwa na umri wa miaka 18, mawakili wake wakisema ni 17. Baadaye shtaka lilibadilishwa likawa la kuua bila kukusudia, na Januari 2013 alipata dhamana. Kesi ilisikilizwa katika Mahakama Kuu mnamo Oktoba 2017, na tarehe 13 Novemba 2017 Jaji Sam Rumanyika alimtia hatiani kwa kosa hilo na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitoka gerezani ili amalizie adhabu yake kwa kutumikia jamii.

Kati ya kifo na hukumu ilipita zaidi ya miaka mitano. Katika muda huo mahakama ilisema machache na jiji likasema mengi. Wako waliodai kwamba marehemu alitolewa kafara na Frimasoni. Wako waliodai kwamba msichana alitumwa. Wako walioeleza kisa cha chumbani, neno kwa neno, kana kwamba walikuwamo.

3. Kitenzi kinachobeba kesi nzima

Tutazame kitenzi kimoja, *anguka*. Tukikinyambua tunapata *angusha*, na katika kauli ya kutendwa, *angushwa*. Msemaji wa Kiswahili anayetaka kusimulia usiku ule hana budi kuchagua. Akisema "alianguka", hakuna mtendaji mwingine. Akisema "aliangushwa", mtu wa pili ameingia chumbani hata kama hakutajwa. Tofauti ya maneno haya mawili haizidi silabi moja, lakini katika silabi hiyo mnakaa ajali upande mmoja na jinai upande wa pili. Swali lenyewe la mahakama lilikuwa hilo: je, alianguka au aliangushwa? Mahakama ilichukua miaka kulijibu. Msimulizi wa kijiweni alilijibu kwa kiambishi, pengine bila kutambua kwamba amelijibu.

Hali ni hiyohiyo kwa *kuua*. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana hata kidogo kwa makosa mawili ambayo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayatenganisha. Kiswahili chetu kina kitenzi kimoja chenye mikia miwili: *kuua kwa kukusudia* na *kuua bila kukusudia*. Adhabu ya kosa la kwanza ni kifo. Ya pili haina kiwango cha chini, ila upeo wake ni kifungo cha maisha. Uzito wote wa tofauti hiyo umewekwa katika mkia wa kirai, na mkia ndio unaokatika kwanza habari inaposafiri. Wengi waliosikia hukumu ya 2017 walibaki na *kuua*, wakauliza kwa nini miaka miwili tu.

Kisha kuna nomino. *Mtuhumiwa* na *mshtakiwa* zimebeba ndani yake kauli ya kutendwa, na kwa hiyo zinatukumbusha kwamba yuko anayetuhumu na anayeshtaki, na kwamba tunachokijua ni tendo la huyo. *Muuaji* ni tofauti. Umbo lake ni la *mwimbaji* na *mchezaji*: hutaja mwenye mazoea ya jambo, mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Kumwita binti muuaji kabla ya kesi si kudai kwamba alitenda jambo usiku mmoja, bali ni kumpa cheo cha kudumu.

4. Safari ya tetesi

Tetesi haianzi na uongo. Huanza na tahadhari. Msemaji wa kwanza husema "nadhani", au "huenda". Wa pili husema "eti". Kipashio hiki ni hodari sana: kinaonyesha kwamba habari ni ya kuambiwa, na kwamba mwambiwa hajaikubali. Wa tatu husema "inasemekana". Hapa kauli ya kutendeka imeungana na kiambishi *i-* kisichorejelea mtu yeyote. Habari ipo, lakini aliyeisema hayupo. Wa nne husema "kumbe", neno la mtu aliyegundua, na kwa neno hilo dhana imegeuka kuwa ugunduzi. Wa tano hahitaji kipashio chochote. Anasema tu: "Aliangushwa." Hakuna hata mmoja kati ya watano hao aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja amedondosha kipashio kimoja tu.

Njia nyingine ni ya swali. "Kwa nini hakupiga kelele?" "Kwa nini alikimbia?" Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayechapisha habari za uongo, lakini swali haliwezi kuwa la uongo wala la kweli. Muulizaji hutuachia sisi kazi ya kujijibu, na jibu tulilojipa wenyewe huwa gumu kulikana.

Kuhusu Frimasoni, msikilizaji asidhani kwamba tuna jambo jipya. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, alichunguza masimulizi ya wanyonya damu katika Afrika Mashariki na Kati enzi za ukoloni, yaani mumiani na wazimamoto. Hakuuliza kama yalikuwa kweli. Aliuliza watu walikuwa wakiyatumia kuzungumzia nini. Mumiani aliuza damu ya maskini. Frimasoni wa 2012 alinunua umaarufu kwa uhai wa mtu. Katika masimulizi yote mawili jamii inauliza swali moja: mali hii ya ghafla imetoka wapi? Swali hilo ni halali. Kasoro ni kwamba linajibiwa juu ya maiti ya mtu fulani na mgongoni mwa mtu mwingine.

5. Pingamizi

Nitapingwa, na pingamizi lina nguvu. Mahakama yenyewe katika kesi hii ilitegemea ushahidi wa kimazingira, ukiwamo ukweli kwamba mshtakiwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuwa na marehemu. Huko nako ni kukisia. Aidha, katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke, ambako nyumba moja hukaliwa na wapangaji wengi na ukuta ni mwembamba, minong'ono ya majirani ndiyo huzuia mke aliyepigwa akafa asizikwe haraka kwa jina la malaria. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja.

Nakubali. Sitetei ukimya, ukimya umewalinda wauaji wengi kuliko tetesi. Lakini makisio ya mahakama yana mwenyewe: jaji huandika jina lake, hutaja ushahidi alioutegemea, na hukumu yake hukatiwa rufaa. "Inasemekana" haikatiwi rufaa. Tena wakati wa kesi ile, sheria ilimtaka jaji wa Mahakama Kuu akae na wazee wa baraza, raia wa kawaida wanaotoka katika mitaa hiihii na kupanda daladala hizihizi. Kwa hiyo maneno ya mtaani hayabaki mtaani.

6. Hitimisho

Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji hadi itakapothibitika kwamba anayo hatia. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama nchini. Basi ulinzi wa Ibara hiyo sasa umo pia mikononi mwetu sisi wanaisimu, walimu, watunga kamusi na waandishi wa habari. Mwanafunzi wa kidato cha pili anafundishwa kunyambua vitenzi ili afaulu mtihani. Afundishwe pia kwamba *anguka* na *angushwa* si zoezi tu, na kwamba anayesikia "eti" ana wajibu wa kuifikisha "eti" hiyo kwa anayemsimulia.

Tunaviita vifo hivi *vifo vyenye utata*. Neno hilo lina mzizi mmoja na *tatiza* na *tatua*. Uzi uliotatana hutatuliwa polepole, kwa kuufuata ulikopita. Anayeuvuta kwa pupa hukaza fundo, na fundo hilo huwa shingoni mwa mtu.