Kichanga Apimwe Mara Mbili

Msikilizaji, mtoto wa siku tatu hawezi kusema anaumwa. Anachofanya ni kuliachia titi. Mama anamgusisha chuchu mdomoni, mdomo unabaki wazi, maziwa yanamchuruzika shavuni. Mwili umelegea, na pengine umepoa badala ya kuchemka. Hizo ni dalili za maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, ambayo madaktari huyaita sepsisi, na mtoto huyo anaweza kututoka kabla jua halijazama.

Wodini muuguzi anatafuta mshipa mwembamba kama uzi. Damu ikipelekwa kuoteshwa, bakteria huchukua siku moja, mbili, au zaidi kuonekana. Ndiyo maana huombwa pia kipimo cha CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unaposhambuliwa. Majibu yake hutoka upesi.

Upesi huo ndio unaonitia hofu. CRP huanza kupanda saa 6 hadi 12 baada ya maambukizi kuanza, ikafika kileleni siku ya pili hivi. Kichanga aliyeanza kuugua alfajiri anaweza kupimwa asubuhi ileile akakutwa chini ya miligramu 10 kwa lita, na mama akaambiwa damu haina kitu. Kipimo kingine cha damu, prokalsitonini, huwahi zaidi, ila nayo hupanda hata kwa mtoto mzima katika siku mbili za mwanzo wa maisha. Basi asiyenyonya asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karatasi ya maabara. Aanzishiwe ampisilini na jentamisini, majibu yatamkuta kwenye dawa.

Faida kubwa ya vipimo hivi iko kwenye kurudia. Baada ya saa 24 hadi 48, CRP ikiwa bado iko chini, mtoto ananyonya na damu haijaotesha kitu, daktari ana sababu ya kusimamisha sindano. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,710 wa Uholanzi, Uswisi, Kanada na Cheki: waliofuatiliwa kwa prokalsitonini walitumia dawa saa 55 kwa wastani, wenzao saa 65. Saa 10 tu, mtasema. Lakini jentamisini inaweza kudhuru figo na masikio. Na utafiti mwingine wa mwaka 2023, katika nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta Klebsiela ndiyo bakteria iliyoongoza kwenye damu za vichanga, na mara nyingi ni sugu kwa dawa hizi za kawaida. Kila sindano isiyohitajika inaupa usugu huo nguvu.

Wanaopanga bajeti za vitendanishi, naomba mhesabu vipimo viwili kwa kila kichanga, siyo kimoja. Na wewe muuguzi wa zamu, mama akikwambia “hanyonyi”, liandike neno hilo kwenye faili kabla ya namba yoyote ya maabara, kisha uandike saa ya kumpima tena.