Mbele ya kutoa franka, tafuta jina ndani ya rejistre

(Maneno yaliyosemwa na mutumishi wa shirika linalosaidia mutualite yetu, kwenye mukutano wa wanamemba. Komite iliomba yaandikwe hapa juu ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Komite ilinipa maswali mawili. La kwanza: mutoto wetu akikamatwa, tutajuaje yuko wapi na anashitakiwa nini? La pili: mwanamemba akiomba mukopo, na watu wanasema «huyu alifungwa», tutajuaje kama ni kweli? Mwanzoni niliona ni maswali mawili tofauti. Nyuma ya kufikiri nikaona yanatupeleka mahali pamoja, kwenye rejistre. Lakini lazima tujue kuisoma.

Nianze na jambo ambalo wengi muko munajua. Kijana mumoja wetu, aliyerudi na mama yake kutoka Nyarugusu, alikamatwa siku ya soko juu ya pikipiki iliyopotea. Mama yake alizunguka mahali patatu na sufuria ya chakula kichwani. Kila mahali alitaja jina la mutoto, kila mahali walimujibu: hayupo. Siku ya nne alikuja mutu mumoja, mwenye kusema anajua wakubwa, akamuomba franka 50 000 za «kufungua dosie». Mama alikopa, akalipa. Yule mutu hakuonekana tena.

Siku ya nane mama alinifikia. Asubuhi yake tulirudi pamoja kwenye kasho ya kwanza kabisa, pale alipoanzia. Sikuuliza kama jina fulani liko. Niliuliza: «Siku ya soko, saa za mangaribi, ni nani waliingizwa hapa kutoka sokoni?» OPJ alifungua rejistre, akasoma majina matatu. La pili lilikuwa la mutoto wetu, lakini limeandikwa kwa namna ingine. Alikuwa mule ndani siku zote, hatua chache kutoka pale mama yake aliposimama na sufuria.

Jambo hili linatugusa sisi tuliorudi kuliko wengine. Kule kambini jina letu liliandikwa kwa namna ya Tanzania: Juma, Shabani, Rashidi, na nyuma yake jina la baba. Hapa mutu anaandika kama anavyosikia Kifaransa: Djuma, Chabani, Rachidi. Tena hapa kuna nom, postnom na prénom, na jina la mwisho linaweza kuwekwa mbele. Mutu mumoja anakuwa na jina moja kwa karatasi ya kambi, lingine kwa karte ya uchaguzi, na la tatu lile vijana wenzake wanamuita. Siku ya kukamatwa, anaandikwa kwa lile alilolitaja akiwa na woga. Kwa hiyo musitafute kwa jina peke yake. Tafuteni kwa siku, kwa saa, kwa mahali alipokamatiwa, na kwa mutu aliyemushitaki.

Sasa, munaanzia wapi?

Kwanza, kasho ya polisi iliyo karibu na mahali alipokamatiwa, hata kama iko mbali na kwenu. Muombe kuongea na OPJ, musimalizane na mulinzi wa mulango. Muulize mambo matatu: aliingia siku gani na saa ngapi, anashitakiwa nini, na OPJ gani anashika dosie yake. Muandike majibu palepale. Kuna alama ingine ambayo wamama wanaijua: kama mulinzi anapokea chakula na kurudisha sufuria tupu, mutu iko ndani, hata kama mudomo unasema hapana.

Pili, parke. Kama polisi wanasema «tulishamutuma», muende kwenye sekretariati ya parke na muombe namba ya RMP. Ile ni namba ya dosie ndani ya rejistre ya parke. Muishike kuliko franka. Mutu mwenye namba anafwatilia dosie. Mutu asiye na namba anafwatilia watu, na watu wanamuzungusha.

Tatu, gereza. Pale kuna rejistre wanaiita registre d'écrou. Kila anayeingia anapaswa kuandikwa mule, pamoja na karatasi iliyomuingiza na siku aliyofika. Kama kesi ilishafika tribinali, kule grefi watawapa namba ingine, RP. Kama aliyekamatwa ni askari, muulize auditora ya kijeshi, maana dosie ya askari haipiti kwenye parke ya raia.

Mukishamupata, muangalie tarehe. Konstitisio yetu ya 2006, artikle 18, inasema aliyekamatwa anapaswa kuambiwa mara moja sababu, tena kwa luga anayosikia. Ana haki ya kujulisha jamaa yake palepale. Na garde à vue haiwezi kupita saa 48. Zikiisha, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Hesabu inaanza saa ile ya kukamatwa, njo maana nasema muandike saa.

Kule parke, karatasi inayomuweka ndani inaitwa mandat d'arrêt provisoire, watu wanasema MAP. Pale ambapo juje yuko mahali pamoja na parke, anapaswa kufikishwa mbele yake ndani ya siku 5. Juje akikubali abakie ndani, anatoa ordonnance ya siku 15, na nyuma yake inaweza kurefushwa mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo mukiona tarehe imepita na hakuna karatasi mupya, muko na neno la kusema, bila matusi na bila bahasha.

Kijana wetu alikuwa na siku tisa ndani ya kasho, bila manda yoyote. Tulipeleka barua ya mustari sita kwa mukubwa wa parke: jina kwa namna zote tatu, siku, saa, mahali. Majistra alikuja kukagua ile kasho, maana ni kazi yake kukagua. Aliomba PV, akakuta malalamiko peke yake, hakuna ushuhuda. Kijana alitoka siku ileile. Barua ile haikutuomba hata franka moja, zaidi ya karatasi na kalamu.

Juu ya makuta, nisikilizeni vizuri. Kuuliza kama mutu wako iko ndani hakulipiwi. Sheria inajua malipo fulani, kama kosio ya kutoka kwa muda ao amande. Lakini yale yanalipwa kwa ofisi, na munapewa karatasi ya malipo. Kosio inaweza kurudishwa kesi ikiisha, na bila ile karatasi mutaomba irudishwe kwa nguvu gani? Anayeomba makuta njiani bila karatasi, musimupe. Kama hamuna nguvu ya avoka, muulizie kwa baro ofisi ya ushauri wa bure. Tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, nayo inapokea malalamiko. Na wakikamata baba ao kaka juu mutoto amekimbia, mukumbuke artikle 17: hakuna mutu anayekamatwa juu ya kosa la mwingine.

Sasa nakuja kwenye swali la pili, na hapa naomba munivumilie.

Komite iliniuliza kama ninaweza kuenda kuangalia ndani ya rejistre ni wanamemba gani waliwahi kufungwa, mbele ya kutoa mikopo. Nilikataa. Rejistre ya kasho inasema paka jambo moja: mutu aliingia siku fulani, kwa mashitaka fulani. Haisemi kama alikosa. Artikle ileile ya 17 inasema kila anayeshitakiwa ni asiye na kosa mupaka hukumu ya mwisho itakapotoka. Jina linaingia mule kwa neno la jirani mumoja mwenye hasira. Ile rejistre iko kwa faida ya mutu aliyefungwa, asipotee. Tukiigeuza kuwa orodha ya watu wabaya, tunamufunga mara ya pili.

Kinachosema mutu alikosa ni hukumu. Hukumu inaandikwa, inasomwa mbele ya watu wote, na inabakia kwenye grefi na namba yake ya RP. Kama kazi fulani inaomba kweli kujua, kwa mufano mutunza sanduku letu, basi mwenyewe alete ekstre ya kazie judisiere. Ile inahusu hukumu, haihusu kila siku mutu aliyolala kasho. Aulize kwenye parke ya kwao, watamuonyesha mulango wa kuipata. Lakini aijue mbele, akubali mwenyewe, na ombi liwe sawasawa kwa wote wanaotaka ile kazi.

Namaliza na maombi mawili.

La kwanza: kila avenue iwe na daftari moja. Mwanamemba aandike humo majina ya watu wa nyumba yake kwa namna zote, ile ya kambi, ya karte, na ya mitaani. Mutu akikamatwa, muandike siku, saa, mahali na nani alimushika. Daftari ile ikae kwa mama mumoja munayemuamini, isisomwe kwenye kilabu.

La pili ni juu ya kijana wetu. Miezi tatu iliyopita aliomba mukopo wa kununua mashini ya kushona. Dosie yake ilirudishwa, na pembeni mutu aliandika kwa kalamu: «ana kesi». Hana kesi. Hakuna RP, hakuna hukumu, hakuna juje aliyewahi kumuona. Kuna siku tisa ambazo hazikupaswa kuwa hata tatu. Mama yake bado analipa deni la zile franka 50 000. Naomba komite ifungue ile dosie mbele ya mukutano huu kufungwa, ifute lile neno, na iangalie ombi lake kama inavyoangalia ya wengine.