Kabla Hujasukutua

Msikilizaji, dawa ya kusukutua kinywa haiondoi ukoga. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini: ukihisi ukwaru au utelezi, hapo panataka mswaki. Dawa yenye floridi husaidia kuzuia meno kuoza, ila usisukutue nayo mara tu baada ya kupiga mswaki. Utaiondoa floridi ya dawa ya meno, ambayo ni nyingi zaidi. Tema povu, basi. Sukutua saa nyingine, labda baada ya chakula cha mchana. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ni tiba ya fizi ya muda mfupi. Ukiizoea, meno huweza kupata madoa ya kahawia. Watoto chini ya miaka 6 wasipewe dawa yoyote ya kusukutua, maana huweza kuimeza. Na kinywa kikinuka kila siku, tafadhali, usikifunike kwa harufu ya mnanaa: nenda kwa daktari wa meno, fizi zitazamwe.