Usiku wa Fataki: Kuwatuliza Mbwa na Paka Wetu wa Mtaa wa Mamboleo, Kisumu



1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita, tarehe 31 Desemba, nilikwenda kesha kanisani nikamwacha mbwa wangu, Simba, kwenye mnyororo kando ya geti kama kawaida. Niliporudi alfajiri, baada ya usiku wa fataki, mnyororo ulikuwa umekatika na mbao za kibanda zimetafunwa. Tulimpata siku ya tatu, upande wa Kibos, shingo imechubuka na kucha zinavuja damu. Nilimfunga nikidhani namlinda. Tangu siku hiyo naamini kwamba mnyama mwenye hofu anahitaji maficho na mtu wa kukaa naye, na kwamba maandalizi huanza mapema.

2. Chanzo cha hofu

Binadamu husikia sauti za hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Mbwa hufikia takriban 45,000 na paka 64,000. Mlipuko wa fataki tunaousikia sisi ni sehemu tu ya kelele inayowafikia wao.

Isitoshe, upepo wa ziwa hukutana na vilima vya Nandi ukatuletea ngurumo nyingi, hasa alasiri na jioni. Hivyo mbwa wengi wa hapa tayari wanaogopa radi. Lakini radi hupiga hodi: upepo hugeuka, wingu hutanda, ngurumo husikika kwa mbali. Fataki huja bila hodi. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, wakati wa mvua za vuli, kisha hufuata Krismasi na Mwaka Mpya. Mnyama hupita kutoka hofu moja hadi nyingine bila kupumua.

3. Makosa tunayofanya

Kosa la kwanza ni mnyororo: mbwa aliyefungwa huweza kujinyonga akijaribu kuruka ua. La pili ni kumfokea au kumchapa. Hofu si utundu, na kumbembeleza hakumfundishi kuogopa zaidi. La tatu ni dawa za kubahatisha. Paracetamol huweza kumuua paka, hata nusu kidonge. Nayo asepromazini ikitumika peke yake humlegeza mbwa mwili huku hofu ikibaki pale pale. Zipo dawa zinazopunguza hofu yenyewe; daktari wa mifugo ndiye wa kuzichagua, baada ya kumpima mnyama.

4. Maandalizi

Anzeni Agosti. Chezesheni sauti ya fataki kwenye simu, chini kabisa, huku mbwa akila omena. Ongezeni sauti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Akikataa chakula, akihema au akikunja mkia, mmeongeza haraka mno, rudini nyuma.

Usiku wenyewe ukifika:
- Mtembeze na umlishe kabla ya giza.
- Mwingize ndani, funga madirisha na mapazia, washa redio.
- Paka mpe boksi lenye nguo yako kuukuu.
- Akijificha chini ya kitanda, usimvute atoke.
- Mvishe ukanda wa shingoni wenye namba yako ya simu.

5. Usalama wa jirani

Mbwa aliyetoroka kwa hofu huweza kumuuma mtoto njiani. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, kwa hiyo kuwachanja mbwa ni wajibu wetu. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

6. Pendekezo

Mtaa wetu sasa una Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, uliopokea sherehe za Madaraka mwaka 2021, na shamrashamra zitazidi. Naomba kila anayewasha fataki, iwe uwanjani, hotelini au nyumbani, atangaze siku na saa mapema. Tangazo hilo ndilo hodi ambayo fataki haina.

7. Hitimisho

Mwaka jana sikwenda kesha. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda, mkono wangu ubavuni mwa Simba, nikisikia moyo wake ukienda mbio. Saa sita na nusu usiku alijikokota kutoka uvunguni, akanusa bakuli, akala omena wake. Anatulinda usiku 364. Huu mmoja tumlinde sisi.