Upepo Una Wenyewe: Denmark na Safari ya Ulaya Kuelekea Nishati Safi



Kila serikali ya Ulaya leo inawaahidi watu wake nishati yenye sifa tatu: iwe safi, iwe ya uhakika, na bei yake imudiwe na mwananchi wa kawaida. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Ulaya imegundua kwamba hata mawili hayatoshi, na imegundua hivyo kwa gharama kubwa. Jioni hii nitaieleza gharama hiyo, kisha nitawapeleka Denmark, nchi ndogo iliyoanza safari hii mapema kuliko jirani zake wengi. Hoja yangu ni kwamba Denmark ilifika ilipofika kwa nguvu ya sheria, kodi na umiliki. Mitambo ilikuja baadaye.

Gesi ilipokatika

Mwaka 2021, takriban asilimia 45 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi. Ujerumani, ambako karibu nusu ya nyumba hupashwa joto kwa gesi, iliitegemea Urusi kwa zaidi ya nusu ya gesi iliyoagiza. Gesi hiyo ilikuwa rahisi, na urahisi wake ukawalevya wanasiasa. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 na kisha kupunguza gesi kwenye mabomba, bei katika soko la Uholanzi, iliyokuwa karibu yuro 20 kwa megawati-saa mwanzoni mwa 2021, ilipita yuro 300 mwezi Agosti 2022.

Bei ya umeme nayo ikapanda. Katika soko la umeme la Ulaya, mitambo huitwa kazini kwa zamu, ile ya gharama ndogo kwanza, na wa mwisho kuitwa ndio unaoweka bei wanayolipwa wazalishaji wote. Mara nyingi huo wa mwisho huchoma gesi. Ndiyo maana hata umeme wa maji na wa upepo uliuzwa sokoni kwa bei ya gesi.

Ulaya ilijinusuru. Ujerumani ilifungua kituo cha kupokelea gesi ya kimiminika pale Wilhelmshaven Desemba 2022, kikiwa kimejengwa kwa muda usiotimia mwaka. Paneli za jua zikafungwa kwa kasi mapaani, na kufikia 2024 sehemu ya gesi ya Urusi ilikuwa imeshuka hadi takriban asilimia 19. Lakini baadhi ya meli za gesi zilizokimbilia Ulaya zilikuwa zikitazamiwa na wengine. Pakistan na Bangladesh zilishindwa kushindana kwa bei, zikaingia katika mgao wa umeme. Uhakika wa tajiri ulinunuliwa kwa giza la maskini, na jambo hilo halipaswi kusahauliwa tunapoisifu Ulaya kwa wepesi wake.

Kabla ya upepo

Denmark ilikuwa imeonja shida ya namna hiyo nusu karne kabla. Mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, karibu asilimia 90 ya nishati ya Denmark ilitokana na mafuta ya kuagiza. Serikali ilipiga marufuku kuendesha magari binafsi siku za Jumapili. Nchi nyingine pia zilichukua hatua za dharura, na hofu ilipopita zikarudi kwenye mazoea.

Denmark ikatunga sheria. Ile ya mwaka 1979 ilizitaka manispaa zipange jinsi kila eneo litakavyopata joto. Joto lililokuwa likipotea katika vinu vya umeme lilitumika kupasha maji moto, na maji hayo yakasambazwa majumbani kwa mabomba. Leo takriban theluthi mbili ya nyumba hupata joto kwa njia hiyo, na kwa kawaida wanaolisambaza hawaruhusiwi kutengeneza faida. Bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 1986, serikali ilipandisha kodi ya nishati ili mtumiaji asishawishike kurudi alikotoka. Ulikuwa uamuzi mchungu, lakini ndio uliolinda kazi ya miaka kumi na mitatu.

Nani mwenye mtambo?

Upepo nao ulianzia chini. Wakulima, walimu na mafundi waliunda vyama vya ushirika, wakachangishana na kununua mitambo yao. Mwanzoni mwa karne hii, zaidi ya kaya 100,000 zilikuwa na hisa katika umeme wa upepo. Mwaka 1991 Denmark ilijenga Vindeby, shamba la kwanza duniani la upepo baharini, lenye mitambo 11.

Mfano ninaoupenda zaidi ni shamba la upepo la Middelgrunden, mbele ya bandari ya Copenhagen, lililokamilika karibu na mwaka 2000. Mpango wa awali ulikuwa mitambo 27 katika safu tatu. Wananchi walipohojiwa walilalamikia mandhari, na mpango ukabadilishwa: mitambo 20, katika safu moja iliyopinda. Nusu yake ilimilikiwa na ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,000. Mtu anayepata gawio kila mwaka huutazama mtambo kwa jicho tofauti.

Leo zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark hutokana na upepo. Upepo ukitulia, nyaya zilizolazwa chini ya bahari huleta umeme wa maji kutoka Norway.

Kasoro zipo. Kwa miaka mingi kodi ziliifanya bili ya umeme ya kaya za Denmark kuwa miongoni mwa kubwa Ulaya. Vinu vingi vya joto huchoma kuni, na baadhi ya kuni hizo huagizwa kutoka nje. Zabuni kubwa ya upepo wa baharini iliyofungwa Desemba 2024 haikupata mwombaji hata mmoja, kwa kuwa gharama zilikuwa zimepanda na serikali haikutoa ruzuku.

Sisi na upepo huo

Mitambo 365 inayozunguka karibu na Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit nchini Kenya, ilitengenezwa na Vestas, kampuni ya Denmark, na mfuko wa umma wa Denmark ulikuwa miongoni mwa wawekezaji. Mradi huo wa megawati 310 ulizinduliwa rasmi Julai 2019. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hatimiliki za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Teknolojia ilivuka bahari ikafika salama. Utaratibu wa kuwashirikisha wenyeji haukusafiri nayo.

Nawaomba ninyi mtakaoandika mikataba ya upepo, jua na gesi katika Afrika Mashariki: kabla ya kuuliza mtambo utazalisha megawati ngapi, ulizeni ardhi ni ya nani, hisa ni za nani, na nani atapanga bei. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na mkataba uwekwe mahali ambapo mwenyeji anaweza kuusoma. Mradi usio na majibu hayo haujawa tayari kusainiwa.