Zamu ya Usiku: Usalama na Usimamizi katika Makazi ya Wazee



Mgeni rasmi akija makazini huja mchana. Hukuta ua umefagiliwa, wazee wamekaa kivulini, mchele na sabuni vimepangwa tayari kupigwa picha. Wakaguzi nao huja saa hizo hizo, tena kwa barua iliyotangulia wiki nzima. Mada yangu inahusu saa zilizobaki, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mfawidhi wa makazi akiwa kwake na zamu ikiwa mikononi mwa mhudumu mmoja au wawili.

Nianze na kuanguka, maana ndiko kunakotuumizia wazee wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kwetu kisa huwa kidogo tu: mzee anaamka saa 8 usiku kwenda msalani, taa ya barazani imeungua, kuna ndoo njiani, na dawa ya presha aliyomeza jioni inamtia kizunguzungu anaponyanyuka. Asubuhi daftari la zamu linasema ameteleza, anaendelea vizuri. Halisemi ameangukia wapi, saa ngapi, taa ilikuwa inawaka au la. Zaidi ya yote, halisemi alilala sakafuni muda gani kabla ya kuonekana. Mimi ningeanza na hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalopima usimamizi. Mengine yanapima sakafu.

Moto nao hauchagui nchi. Januari 31, 2004, makazi ya wazee ya Rosepark, huko Uddingston, Scotland, yaliungua alfajiri na wazee 14 wakapoteza maisha. Moto ulianzia kwenye kabati lenye mitambo ya umeme. Kengele ililia saa 10 na dakika 28, lakini wahudumu walikwenda kwanza kutafuta moto uko wapi, na zimamoto wakapigiwa simu dakika 9 baadaye. Milango mingi ya vyumba ilikuwa wazi, moshi ukaingia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 haukuishia kwa wahudumu wa zamu. Ulirudi nyuma hadi kwa uongozi, ambao haukuwa umefanya tathmini ya maana ya hatari ya moto. Na hayo ni makazi yaliyokuwa na kengele. Ni wahudumu wetu wangapi wa usiku wanaojua kwamba namba ya zimamoto ni 114, na wana simu yenye chaji?

Lipo jambo tunalolisema kwa sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika makazi ya aina hii, wafanyakazi 2 kati ya 3 walikiri kumtendea mzee vibaya katika mwaka uliopita. Siamini kwamba hao wote wana roho mbaya. Mtu aliyeachwa peke yake na vitanda vingi, bila wa kumpokea, atafoka, na siku nyingine atamvuta mzee mkono. Lakini mzee aliyevutwa mkono atamwambia nani, ikiwa anayemsikiliza ni yule yule aliyemvuta?

Kwa hiyo napendekeza mfawidhi asome daftari la usiku kila asubuhi kabla ya shughuli nyingine, na aandike jibu chini yake: nini kifanyike, nani afanye, lini. Taarifa zetu hupanda hadi halmashauri na hazirudi na neno. Mhudumu akishaona hivyo mara tatu, huacha kuandika. Afisa ustawi wa jamii naye afike usiku bila taarifa angalau mara moja kila robo mwaka, azungumze na wazee faragha. Balbu, tochi, filimbi kando ya kitanda na vyuma vya kushikilia msalani viwe na kifungu chake kwenye bajeti, visingoje mfadhili.

Na usiku wa leo, kila mfawidhi aliye humu ukumbini apige simu makazini kwake saa 4, amuulize aliye zamu: wamelala wazee wangapi, na ni wapi walipo wasioweza kutoka kitandani wenyewe? Majibu tuyajadili kesho asubuhi.